Ukiikuta trekta ina moto, rudi kesho

Kila Februari, kaskazi ikianza kulegea, watu wa Malindi huanza kuulizana trekta iliyotumika ya kununua. Mvua ya mwaka, yaani masika, inakaribia, konde bado lina vichaka, na mwenye trekta ya kukodi ana foleni ndefu mbele yako. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Muuzaji anaijua haraka yako, na mashine nyingi zilizolala tangu vuli zimepakwa rangi juzi. Anayeweza kungoja na anunue Juni au Julai, mbegu zikishaingia ardhini: trekta ndiyo kwanza imetoka kazini, ubovu wake uko wazi, na mwenyewe anajua haitamwingizia kitu hadi Oktoba.

Ila kabla ya kutafuta trekta, tafuta kalamu. Tuseme kwenu Ganda ekari moja, kukatua na kupiga haro, inatozwa shilingi 6,000. Ekari tano kwa misimu miwili ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Trekta ya shilingi 700,000 itakula karibu miaka 12 kurudisha pesa hizo, na hapo hujanunua dizeli wala tairi. Hizo ni namba za mfano, weka zenu. Chini ya ekari kumi, hesabu hukubali tu ukiwa na majirani wa kuwalimia kwa malipo, au ukiwa na shamba la vichaka ambalo hakuna dereva anayekubali kuingiza mashine yake. Hili la pili ni la kawaida sana. Wenye trekta hawapendi visiki, na wana haki.

Kwa bustani ya ekari moja au mbili ya mchicha na nyanya kando ya Sabaki, trekta ya mkono ya nguvu za farasi 10 au 12 inatosha. Hiyo inaburuga udongo uliokwisha kulimwa. Usiipeleke kwenye pori.

Malindi haina udongo mmoja. Watamu na Gede, ukanda wa karibu na bahari, mawe ya matumbawe yako chini kidogo ya udongo, na jembe la mkono tu linalia kwa kuyagonga. Magarini na Marafa ni mchanga mwekundu, mwepesi kukatua, lakini tairi huzunguka bure. Kando ya Sabaki ni udongo mweusi wa mafuriko: ukikauka ni tofali, ukilowa ni gundi, na siku za kuulima katikati ya hali hizo mbili zinahesabika.  

Udongo ndio unaochagua uzito wa trekta, na uzito ndio unaolima. Farasi nyingi kwenye mashine nyepesi huishia kuchimba shimo chini ya tairi la nyuma. Massey Ferguson 135 ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na kwenye mchanga wa Magarini haitavuta plau ya diski mbili vizuri mpaka uiongezee mzigo. Njia ya bei nafuu ni kutia maji ndani ya matairi ya nyuma: unaweka valvu juu kabisa, unajaza hadi maji yafike usawa wa valvu, kisha unamalizia kwa upepo. Tairi la 13.6-28 hupokea lita 200 hivi, kwa hiyo matairi mawili yanakupa kilo 400 bila kununua chuma. Maji yawe matamu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na rimu iliyotiwa maji hayo huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo macho hayafiki, mpaka siku valvu inapong'oka na kipande cha rimu.

Kwa plau ya diski, kadiria farasi 20 hadi 25 kwa kila diski. Diski mbili zinataka trekta ya farasi 45 hadi 50. Diski tatu zinataka 65 hadi 75. Watu hurukia diski tatu wakidhani zinaokoa dizeli. Hebu tupige hesabu. Diski mbili hukata upana wa nusu mita hivi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa robo ya muda kwa kugeuka na kuzibua, unalima mita za mraba 1,875 kwa saa, na ekari ina mita 4,047. Hiyo ni saa mbili na dakika kumi kwa ekari, na trekta ya farasi 45 ikifanya kazi ya kweli hunywa lita 6 hadi 7 kwa saa: jumla lita 14. Diski tatu zenye upana wa sentimita 80 humaliza ekari kwa saa moja na dakika ishirini, lakini trekta ya farasi 75 hunywa lita 11 kwa saa. Jumla lita 15. Dizeli ya ekari ni ileile. Unachonunua kwa trekta kubwa ni muda, na muda una thamani kwa anayelimia watu. Mwenye ekari kumi zake mwenyewe anamaliza kwa saa 22, siku tatu za kazi, kwa trekta ndogo.

Penye mawe na mizizi nunua plau ya diski. Ile ya bamba lililopinda hukwama kwenye mzizi na kuvunja bolti au kupinda fremu, lakini diski huzunguka na kuupanda. Rotaveta, ile ya visu vinavyozunguka, iache kabisa mwaka wa kwanza. Visu vyake vikikutana na tumbawe vinapinda, na pigo linarudi kwenye shafti hadi kwenye giaboksi.

Kuhusu kufyeka, watu wengi huua trekta hapa. Trekta ya shamba haikuundwa kusukuma miti. Ukiifungia bamba mbele na kugonga visiki, unapinda ekseli ya mbele au unapasua kifuko cha klachi, kwa sababu Massey na Ford za zamani hazina chasisi: injini, klachi na giaboksi zimeunganishwa kwa bolti na hizo ndizo uti wa mgongo. Fyeka kwa panga na shoka. Kisiki kiache kirefu, kama mita moja, kiwe wenzo wa kuking'olea. Chimba kukizunguka, kata mizizi ya pembeni, halafu vuta kwa mnyororo. Vya unene wa mkono vitatoka. Mkwaju au mwarobaini mkubwa ulipie mashine ya kuchimba kwa siku moja, ni rahisi kuliko klachi. Mikoche ya Mambrui ni ya shoka na sururu, hakuna njia ya mkato.

Mnyororo ufungwe kwenye ubao wa kuvutia ulio chini, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Usiufunge kamwe kwenye mkono wa tatu wa juu wala kwenye ekseli yenyewe. Kisiki kikikataa kutoka na tairi likakosa pa kuteleza, nguvu ya injini hukosa pa kwenda, ikainua pua ya trekta kuizungusha kwenye ekseli yake. Hadi kupinduka chali ni kama sekunde moja na nusu; dereva hana muda wa kukanyaga klachi. Gia ya chini kabisa, mnyororo uliokazwa polepole, na watu wote mbali kuliko urefu wa mnyororo.

Chini ya mikorosho na minazi kuna jambo jingine. Matawi ya mkorosho huanzia chini, na bomba la moshi lililosimama hung'oka au hupasua tawi. Pima urefu wa trekta hadi ncha ya bomba na ukaulinganishe na miti yako kabla ya kulipa. Na mizizi ya minazi imetambaa juu juu. Usipitishe plau karibu ya mita mbili na shina.

Sasa aina. Massey Ferguson 135 ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, injini yake ni Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, farasi 45 hivi. Nyingine inayotumia injini ya ukoo huohuo ni 240, ambayo kiwanda cha Millat cha Pakistan kimeiunda kwa miaka mingi pamoja na 375 na 385. Ya kati hadi kubwa ni 290, silinda nne, lita 4.1, karibu farasi 80. Ford 5000 na 6610 ni madume ya kuvuta. Mimi kwa ekari kumi hadi ishirini ningechukua 240 iliyochoka rangi kuliko yoyote yenye kung'aa. Sababu ni spea. Kabla ya kwenda kuitazama trekta yoyote, pigia simu maduka ya spea ya Malindi na Mombasa uulize bei ya vitu vitatu vya aina hiyo: diski ya klachi, pampu ya maji, na seti ya sili za haidroliki, yaani mitambo ya oili inayoinua zana. Wakikwambia viwili kati ya hivyo vinaagizwa nje, achana nayo hata ikiwa nusu bei. Trekta iliyokaa wiki tatu ikingoja sili wakati mvua ya mwaka imeshika ni msimu uliopotea.

Multi-Power, ile ya kubadili mwendo bila kukanyaga klachi, baadhi ya 135 wanayo. Ikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haizuii trekta kwenye mteremko. Inateremka kama baiskeli. Dereva asiyejua hili na tela la mawe nyuma yake ni hatari. Ikiwa imekufa, na mara nyingi imekufa, usiilipie kana kwamba ipo.

Muuzaji mpigie siku moja kabla. "Mzee, nakuja kesho saa mbili asubuhi. Nakuomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, kabla ya salamu kuisha weka kiganja kwenye ubavu wa injini. Ikiwa ina moto, mshukuru, mwambie utarudi kesho. Injini inayopashwa kabla ya mgeni kuja ina siri ya kuwaka ikiwa baridi, na kwa joto la Malindi Perkins nzima huwaka mizunguko michache tu ya stata, bila kunyunyiziwa kitu chochote kwenye njia yake ya hewa.

Kabla ya kuiwasha chomoa kijiti cha oili. Nyeusi ni sawa. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Fungua rejeta uangalie utando wa mafuta juu ya maji. Kwa Ford hapa tulia zaidi, kwa kuwa silinda zake zimechongwa moja kwa moja kwenye bloku bila vikombe vya kubadilisha, na ukuta wake hutobolewa kidogo kidogo kutoka upande wa maji. Rejeta iliyojazwa maji ya kisima cha chumvi miaka mingi huharakisha ubovu huo. Bloku iliyotoboka hutengenezwa kwa kuchimbwa na kutiwa vikombe, na gharama hiyo inaweza kuzidi tofauti yote ya bei uliyoifurahia.

Washa. Moshi mweupe wa dakika moja si neno. Ukiendelea injini ikiwa moto, ni maji au dizeli isiyoungua. Bluu ni oili inayopita ringi au valvu. Mweusi chini ya mzigo mara nyingi ni chujio cha hewa kilichoziba au nozeli mbovu, na hayo ni matengenezo madogo. Utumie kushusha bei. Kisha fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma polepole. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikipuma kama birika na kurusha matone, ringi zimekwisha. Presha ya oili isome mara mbili, ikiwa baridi na baada ya nusu saa ya kazi. Kwenye mwendo wa kazi, injini moto, isishuke chini ya psi 30.

Klachi: tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja, halafu achia klachi taratibu. Injini izimike. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza, na kuibadilisha ni kuikata trekta vipande viwili. Massey nyingi zina klachi mbili kwenye kanyagio moja: nusu ya kwanza husimamisha magurudumu, mwisho husimamisha shafti ya nyuma inayozungusha zana, ile mafundi wanayoiita PTO. Jaribu zote mbili. Tazama pia meno ya shafti hiyo: kwa kawaida ni sita, kipenyo milimita 35, na yanapaswa kuwa na kingo. Yakiwa ya mviringo kama jino la mzee, kila zana utakayoifunga itayala zaidi.

Gia zinazochomoka zenyewe huzioni ukiwa uwanjani. Panda kilima kidogo, shuka, na katika kushuka punguza mafuta ghafla. Ya kuchomoka itachomoka hapo.

Haidroliki ndiyo itakayokusumbua kuliko injini, na ndiyo wanunuzi wanaoiangalia kwa sekunde tano. Mikono kuinuka ikiwa mitupu hakuthibitishi chochote. Sisitiza plau ifungwe, iinuliwe, na ulime nayo angalau nusu saa. Oili ikiwa baridi ni nzito, na hata pampu iliyokwisha huinua. Ikishapata moto na kuwa nyepesi, pampu mbovu huanza kukataa. Ukiona plau imeinuliwa nayo inatikisa kichwa, inashuka kidogo na kupanda, inashuka na kupanda, kuna uvujaji kwenye sili za silinda au ndani ya pampu. Kwenye Massey pampu hiyo imezama ndani ya nyumba ya ekseli ya nyuma, na oili yake ni ileile ya giaboksi, zaidi ya lita 30. Chunguza rangi yake. Trekta inayolala nje hupokea mvua kupitia mpira uliochanika wa mti wa gia, na maji hayo huenda moja kwa moja kwenye pampu. Mpira wa bei ya soda unaua kifaa cha bei ya ng'ombe.

Ukiwa hapo nyuma, pima matundu ya mikono ya chini. Pini za trekta ndogo ni milimita 22, za kubwa ni 28. Plau inayouzwa pamoja na trekta si lazima iwe yake.

Mbele inua kwa jeki, tikisa gurudumu juu na chini, kisha tikisa ekseli nzima kwenye pini yake ya katikati. Bushi zilizokwisha si ghali, lakini tundu la pini lililotanuka ndani ya chuma ni kazi ya mashine ya kuchongea. Chukua nyundo ndogo na ugonge chini ya vibao vya miguu, boksi la betri na maungio ya madigadi ya magurudumu: chuma kizima hulia, kutu iliyofunikwa rangi hunyamaza. Pekua unganiko la injini na giaboksi kutafuta alama za kuchomelea. Ukiziona, hiyo trekta imeshavuta visiki, na haikuvuta vizuri.

Matairi ya nyuma ni mahali ambapo bei rahisi hurudi kuwa ghali. Jua hupasua mpira ubavuni hata meno yakiwa marefu, na miba ya mgunga hupita humo bila kubisha. Ulizia bei ya jozi mpya kabla ya safari, uiweke mfukoni kama hoja.

Ya magurudumu manne ya kuvuta inafaa tope la Sabaki. Kwingine ni viungo zaidi vya kuharibika.

Namba ya chasisi na ya injini zisome kwenye chuma, uzifananishe na logbuku. Jina la logbuku liwe la anayekuuzia, na lisiwe na mkopeshaji pembeni. Likiwepo, mkopo haujafutwa. Uhamisho wa umiliki hufanyika kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na pesa ya mwisho itoke wakati uhamisho unathibitishwa, mkiwa mmekaa pamoja. Kama imenunuliwa Mombasa, kilomita 120 hadi Malindi kwa mwendo wa 25 ni saa tano barabarani na beringi usizozijua. Lori ni ghali, lakini ni ghali mara moja.

Wiki ya kwanza usilime. Mwaga oili zote: injini ya silinda tatu huchukua lita 7 hivi, na ya nyuma zile 30 na zaidi. Badilisha vichujio vya dizeli, mwaga maji yaliyokaa chini ya tangi, osha bakuli la oili la chujio cha hewa. Rejeta isafishe na uijaze kulanti kwa maji ya mvua. Paka grisi kila chuchu, hata ile ya pini ya ekseli ambayo imejificha nyuma ya uchafu na haijaonja grisi tangu lini. Na ikilala nje, funika bomba la moshi kwa kopo kila jioni. Mvua inayoingia humo hufika kwenye silinda ambayo valvu yake imeachwa wazi, ikazishika ringi kwa kutu usiku mmoja wa mvua ya mwaka.